Dakika Nne Ambazo Migori Haipigi Simu

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Susana Werema anavua viatu mlangoni, anavaa malapa ya bluu yaliyopangwa kando ya ukuta na kuingia katika chumba chenye baridi kuliko vyote mjini Migori. Ndani kuna kabati la chuma lenye kimo cha mtu, feni mbili zinazozunguka bila kupumzika, meza, kompyuta moja na simu nyekundu isiyo na vitufe vya nambari, yenye waya wake wa pekee hadi Homa Bay na Mbita.

Anavuta kiti, anajifunga leso mabegani na kuinua mkonga. Hasemi halo.

“Homa Bay.”

“Niko, Mama Maroa.” Hiyo ni sauti ya Jared Owiti, aliyeketi mbele ya kabati kama hili katika kituo cha simu cha Homa Bay.

“Mbita.”

“Niko, Mama.” Huyo ni Joyline Akoth wa kituo cha Mbita, binti wa miaka ishirini na minne, na inasikika kwamba bado ana usingizi.

Susana anaandika mstari mmoja kwenye kompyuta kwa vidole viwili na kubonyeza. Laini zote za masafa ya mbali kutoka Migori zinafungwa. Homa Bay inafanya hivyo, kisha Mbita. Kwa dakika nne zijazo hakuna mtu wa Migori atakayempata mtu wa Homa Bay kwa simu, awe mfanyabiashara wa mahindi, mkuu wa polisi au yule aliyeamka akakumbuka kwamba hajamjulia hali mama mkwe wake tangu Pasaka.

Anaandika mstari wa pili. Orodha ndefu inapanda kwenye skrini, kisha inafutika.

“Migori wazi,” anasema.

“Homa Bay wazi,” anajibu Jared.

Kule Mbita, Joyline anaisoma skrini yake mstari baada ya mstari, na Susana hamharakishi. Anangoja akitazama saa ya ukutani kwa uso wa mtu anayengoja majibu ya daktari.

“Mbita wazi, Mama.”

“Haya. Fungueni.”

Susana anarudisha mkonga, anafunua daftari lenye jalada la bluu na kuandika tarehe, Julai 21, 1998, na neno moja mara tatu: wazi, wazi, wazi. Hilo ni daftari la sita. Kurasa zake zinafanana kiasi cha kumchosha anayezisoma, naye anasema angefurahi zikizidi kufanana.

Kazi hii haimo katika kitabu cha maagizo kilicholetwa pamoja na mashine. Hakuna mkubwa aliyeiagiza. Na kwa barua iliyofika Migori wiki mbili zilizopita, inatakiwa kukoma Agosti mosi.

Susana ana umri wa miaka arobaini na mitano. Alizaliwa upande wa Kehancha, binti wa Mzee Werema aliyekuwa mchungaji wa ng'ombe wa watu kabla ya kupata wake. Aliajiriwa kituo cha simu cha Migori mwaka 1976 kama opareta, wakati ambapo mtu alizungusha mkono wa simu na mwanamke kama Susana akamuuliza anataka nambari gani. Opareta walikuwa kumi na mmoja. Mbele ya kila mmoja palikuwa na ubao wa matundu na waya za kuchomeka, na sauti zao zilijulikana mjini kuliko za wahubiri.

Makabati ya chuma yalipofika mwanzoni mwa mwaka jana, tisa kati ya hao waliambiwa waende nyumbani. Walibaki Susana na mwenzake Masese. Masese ni Mkatoliki na Susana ni Msabato, kwa hivyo ratiba yao haina ugomvi: Jumamosi ni ya Masese, Jumapili ni ya Susana, na kila mmoja humwona mwenzake kuwa ndiye anayefanya kazi siku isiyofaa.

Susana hakubaki kwa bahati. Wakati wa mafunzo kulikuwa na kompyuta moja kwa watu kumi na mmoja, na vijana ndio walioizunguka. Alikwenda nyumbani na katoni ya sabuni, akachora juu yake vitufe vyote vya kibodi kwa kalamu nyeusi, kila herufi mahali pake, na kwa wiki tatu akafanya mazoezi mezani baada ya chakula cha jioni. Maroa, mwanawe wa kwanza, alikuwa akimsomea maneno naye anayabonyeza kwenye katoni.

“Watoto walinicheka,” anasema. “Nikawaambia chekeni, lakini ile karatasi msiikalie.”

Ili kuielewa kazi yake ya asubuhi, si lazima mtu awe fundi. Makabati matatu ya Migori, Homa Bay na Mbita yamefungamanishwa yafanye kazi kama kituo kimoja. Mtu wa Migori akimpigia wa Mbita, kila kabati huikumbuka njia iliyotumika ili anayefuata apitishwe upesi. Simu ikiisha, yote matatu yanapaswa kusahau. Siku nyingi husahau. Lakini radi ikipiga, na pande hizi radi haina likizo, au umeme ukikatika katikati ya maongezi, kabati moja husahau na jingine hubaki likikumbuka. Laini hiyo huonekana ina watu, na hakuna anayeongea.

Laini za namna hiyo opareta huziita simu zilizolala. Susana hapendi kuzieleza kwa maneno ya kitabu.

“Ni kama mgeni ametoka kitambo na wewe bado unamwekea kiti,” anasema. “Mwingine akija, unamwambia hakuna nafasi. Ama unamkalisha pale pale, halafu unampatia chakula ya yule wa kwanza.”

Hilo la pili ndilo linalomwogopesha. Simu mpya ikipitishwa kwenye njia iliyolala, huweza kutua mahali ile ya zamani ilipokuwa ikienda. Anayetaka chifu anapata duka la vipuri. Mara nyingi watu hucheka, hukata na kupiga tena.

Kosa ambalo fundi yeyote mgeni hulifanya ni kusafisha kabati lake peke yake. Skrini humwonyesha kwamba yote ni safi, naye husimama kunyoosha mgongo. Kumbe Mbita bado inakumbuka. Baada ya muda mfupi makabati huulizana habari, Mbita huiambia Migori kwamba laini fulani ina mtu, na kabati la Migori, kwa adabu yake, huamini. Ule uchafu uliofutwa hurudi ulipotoka. Ndiyo maana Susana huwataka wote watatu wafunge kwanza, wafute, kila mmoja aseme kwa mdomo wake, na asiwepo wa kufungua kabla mwisho wao hajasema.

Utaratibu huo una chanzo, na Susana hakukisema siku ya kwanza ya mazungumzo na mwandishi wa makala haya wala ya pili. Siku ya tatu alimaliza zamu yake saa nane mchana, akaagiza chai katika hoteli iliyo mkabala na kituo, akaiacha ikapoa, kisha akakisema bila kuulizwa.

Ilikuwa Jumatano moja ya Agosti 1993, enzi za waya na matundu. Wakati huo kila kituo kilichomoa waya zake chenyewe simu ilipoisha. Migori ikichomoa na Homa Bay ikasahau, njia ilibaki imeunganishwa kule Homa Bay. Susana alikuwa na sifa ya kuwa na ubao safi kuliko wote Nyanza Kusini. Simu ikiisha, waya zimeshatoka. Wakubwa walimsifu, na alipenda kusifiwa, hafichi.

Saa tisa alasiri nesi wa zahanati ya misheni ya Uriri, Liz Auma, alipiga simu Migori. Alitaka kuunganishwa na hospitali ya misheni iliyo nje kidogo ya mji wa Homa Bay, ambako ndiko kulikuwa na ambulensi. Alikuwa na mama aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri, mtoto amelala vibaya tumboni. Jina la mama huyo ni Nyatichi.

Kulikuwa na laini mbili tu za kwenda Homa Bay. Ya kwanza ilikuwa imeanguka kwa mvua ya wiki hiyo. Susana akachomeka ya pili na kupiga. Simu ikalia, ikapokewa na mwanamume.

“Hapa ni samaki,” mwanamume huyo akasema.

Alikuwa mlinzi wa ghala la samaki Mbita. Saa sita mchana tajiri wa ghala hilo alikuwa ameongea na mteja wake wa Migori. Simu ilipoisha, Susana alichomoa waya wake. Homa Bay, iliyokuwa katikati, haikuchomoa. Sasa kila alichopiga kwenda Homa Bay kilipita kule bila taa ya ubao wa Homa Bay kuwaka, kikaenda kulia ghalani Mbita. Susana alidhani amekosea tundu. Akarudia, akampata mlinzi. Mara ya tatu mlinzi alichoka, akauacha mkonga mezani na kwenda zake.

Hatimaye Susana aliwaomba opareta wa kituo cha Kisii wawatafute Homa Bay kwa njia yao. Tangu Liz alipopiga hadi hospitali ilipopata habari, ilikuwa imepita saa moja na dakika kumi. Ambulensi ilifika Uriri jua likizama. Nyatichi alipona. Mtoto, ambaye alikuwa wa kiume, hakupona.

Uchunguzi ulifanyika. Ripoti ya ukurasa mmoja ilisema ubao wa Migori ulikuwa katika hali nzuri.

“Hiyo ndiyo ilinikata,” anasema Susana. “Ubao yangu ilikuwa safi. Ile simu ya samaki ilipoisha, nilichomoa yangu nikanyamaza. Ningemwambia tu Jared, hii imeisha, toa yako. Sikumwambia. Nilijiambia mambo ya Homa Bay ni ya Homa Bay.”

Kwa upande wake, Jared Owiti alikubali kuongea kwa simu nyekundu, Susana akiwa ametoka nje kwa makusudi. Alisema saa ile alikuwa amesimama akiandika karatasi za simu za mchana, na alidhani waya ule una watu bado. Ana miaka hamsini na mmoja sasa, na amewahi kuomba uhamisho mara mbili na kuufuta mara mbili.

“Mama Maroa husema kosa lilikuwa la sisi wote,” Jared alisema polepole. “Ni mtu mzuri. Lakini mimi najua ule waya ulikuwa wa nani.”

Miezi miwili baada ya tukio hilo, Susana alifunga kilo mbili za sukari kwenye leso na kwenda Uriri kumtafuta mwanamke ambaye hajawahi kumwona. Hakutumwa. Nyatichi alikuwa sokoni akiuza kunde na osuga, yaani mnavu, mwanamke mwembamba wa Kikisii aliyeolewa pande hizo. Susana aliketi kwenye gunia kando yake na kumweleza yote, la ghala, la waya, la kunyamaza kwake. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Alikuwa amejiandaa hata kupigwa.

Nyatichi aliendelea kufunga mafungu ya kunde kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali moja tu.

“Na siku hizi inafika?”

Susana alirudi Migori jioni hiyo na sukari yake, kwa kuwa alisahau kuitoa, na kesho yake asubuhi akampigia Jared. Alimwomba kwamba kila siku, kabla watu hawajaanza kupiga, wote wawili wachomoe waya zote kwa pamoja na kuambiana kwa sauti. Jared hakuuliza kwa nini. Mwaka uliofuata Mbita ikaingia. Makabati yalipokuja, waya zikaondoka lakini maneno yakabaki yale yale.

Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi Susana hupanda kwenda Uriri kununua mboga ambazo angezipata kwa urahisi nyuma ya kituo chake. Swali huulizwa kila mara, siku nyingine kwa macho tu. Naye hujibu kwamba inafika. Hao wawili si marafiki hasa, na hakuna aliyewahi kwenda kwa mwenzake. Lakini Susana anasema kuna ndugu zake wa damu ambao hawajui sauti yake kama mwanamke huyo.

Sasa barua. Iliandikwa Julai 6 na ofisi ya mkoa, kwa lugha ya adabu. Inasema watu watatu wamelalamika kwamba simu zao hukatika asubuhi, na kwamba mashine hizi zina uwezo wa kujisafisha zenyewe, kila moja kwa saa yake, bila msaada wa binadamu. Kwa hivyo zoezi linaloendeshwa na vituo vitatu, ambalo halimo katika maagizo, likome ifikapo Agosti mosi.

Susana ameisoma barua hiyo mara nyingi hata imepasuka kwenye mkunjo. Kinachomkosesha usingizi ni tarehe. Nyatichi ana miaka thelathini na minne na ni mjamzito tena. Ndiyo mimba yake ya kwanza kufika mwezi wa nane tangu ile ya mwaka 1993. Nesi Liz, ambaye bado yuko Uriri, anamtarajia mtoto karibu na Agosti 12. Ambulensi bado ni ile ya Homa Bay, na njia ya kuiita bado ni simu inayopitia Migori.

“Mimi siwezi kwenda kumwambia inafika kama sijui,” anasema Susana. “Afadhali niache kwenda.”

Alhamisi, Julai 23, mhandisi kutoka ofisi ya mkoa alifika kuhakikisha barua imeeleweka. Anaitwa Ken Okari, kijana wa miaka thelathini na mmoja mwenye suruali iliyopigwa pasi vizuri na maneno machache. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, jambo ambalo Susana alilipenda. Alisema hana nia mbaya na mtu. Ila mashine ni mashine, na hawezi kuwaeleza wakubwa kwamba wilaya nzima inanyamaza dakika nne kila asubuhi kwa sababu ya watu watatu kuitana majina.

Susana hakubishana naye. Usiku wa kuamkia siku hiyo radi ilipiga karibu na ziwa, zoezi la asubuhi alikuwa ameliahirisha makusudi hadi mgeni afike, na skrini ya Migori ilikuwa ikionyesha laini ya kumi na nne imeshikwa kwa saa tano. Alimwomba mhandisi aisafishe yeye mwenyewe, kwa njia ya kitabu.

Okari aliketi, akaandika upesi kwa vidole vyote kumi, akabonyeza. Laini ya kumi na nne ikatoweka. Alimgeukia Susana bila majivuno, akasema ndivyo hivyo tu.

“Asante, Injinia,” alisema Susana. “Sasa tunywe chai kwanza.”

Chai ilikuwa ya maziwa na ilikuja na mandazi. Okari alikula mawili akieleza habari za mitambo mipya itakayokuja kabla ya mwaka 2000. Masese alimsikiliza kwa heshima. Susana hakuondoa macho kwenye skrini. Dakika ya kumi na moja, laini ya kumi na nne ilirudi, na saa zake tano zile zile.

Okari aliweka kikombe chini. Alisafisha tena, ikarudi tena. Alipoambiwa kwamba huenda inatoka Mbita, alimwagiza Joyline asafishe Mbita. Joyline akasafisha. Dakika chache baadaye Homa Bay, ambayo haikuguswa, ikaikumbusha Mbita, na Mbita ikaikumbusha Migori. Mhandisi alikuwa akifukuza kuku mmoja katika nyumba yenye milango mitatu, na ni haki kusema kwamba alianza kutabasamu.

Alitoka kwenye kiti na kumwachia Susana.

“Hebu fanya ile yenu, Mama.”

Susana aliinua mkonga. Homa Bay. Mbita. Wakafunga, wakafuta. Migori wazi. Homa Bay wazi. Joyline alichukua muda wake, na safari hii Okari ndiye aliyetazama saa ya ukutani. Mbita wazi. Fungueni. Walikaa tena mbele ya skrini robo saa nzima, chai ikiwa imekwisha, na laini ya kumi na nne haikurudi.

Okari hakuichana barua ile, kwani hana mamlaka hayo, na alilisema wazi. Alisema atakachofanya ni kuandika ripoti kwamba zoezi hili linahitajika mpaka mitambo irekebishwe, na kwamba hadi ripoti hiyo ijibiwe, hakuna haja ya kukoma. Aliongeza kwamba barua za ofisi yao hazina haraka ya kujibiwa, na Masese akacheka kwa sauti kuliko ilivyostahili. Kisha mhandisi akaomba Susana amwandikie hatua zote kwa mkono wake, aziambatanishe.

Zilijaza nusu ukurasa. Hatua ya mwisho aliiandika, akaikata, akaiandika upya: opareta asifungue laini zake kwa sababu kwake kuko wazi, angoje wenzake wawili waseme. Okari aliisoma, akaikunja karatasi na kuitia katika mfuko wa shati, si katika mkoba wa makaratasi.

Ndipo mhandisi aliuliza kama kuna jambo lolote lililowahi kutokea. Susana alimwambia kwamba lilitokea. Hakuongeza neno, naye Okari hakumbana.

Ripoti inaweza kukataliwa. Susana anajua, na mipango yake ameipanga kwa kujua hivyo. Likizo yake ilikuwa ianze Agosti 3, ameisogeza hadi Septemba. Masese amekubali kwamba kuanzia Agosti mosi hadi mtoto azaliwe, hata ikija barua nyingine, asubuhi chache zaidi hazitamfukuzisha mtu kazi. Jared na Joyline wamesema hivyo hivyo. Kwa siku za mbele, Susana anataka jambo moja kabla ya kustaafu akiwa na miaka hamsini na mitano: kuiona ile nusu ukurasa yake ikichapwa ndani ya kitabu cha maagizo, hata kama bila jina lake, ili opareta atakayeketi pale baadaye asihitaji kujifunzia alikojifunzia yeye.

Jumapili, Julai 26, alimaliza zamu saa nane mchana na kwenda Uriri. Mwandishi wa makala haya alifuatana naye. Nyatichi hakuwa sokoni. Alikuwa zahanati, kwenye benchi la nje, amekuja kupimwa, amevaa gauni la maua lililombana tumboni. Walisalimiana kwa mikono miwili. Susana alitoa sukari, safari hii hakuisahau.

Nyatichi aliangalia uso wake. “Inafika?”

Susana alifungua kinywa kutoa jibu la miaka mitano, kisha akakifunga. Badala ya kujibu alisimama, akaingia ofisini kwa nesi Liz na kuzungumza naye kwa sauti ya chini. Aliporudi alimshika Nyatichi mkono, akamwingiza ndani na kumketisha kwenye kiti cha nesi, mbele ya simu. Alimsomea nambari moja moja, naye Nyatichi akazibonyeza mwenyewe kwa kidole chenye rangi ya kijani ya kuchuma mboga.

Simu ililia mara mbili upande wa pili, na sauti ya mwanamke ikasikika hadi mlangoni ikitaja jina la hospitali ya misheni ya Homa Bay na kuuliza kuna mgonjwa gani.

Machozi yalimtoka Nyatichi, na Susana, aliyesimama nyuma ya kiti, alikuwa akilia pia bila kujificha.

“Hapana, hatuna mgonjwa,” Nyatichi alisema mwishoni. “Nilikuwa nauliza tu kama mko.”

“Tuko, Mama,” sauti ilijibu. “Tuko hapa.”

Nyatichi alishukuru. Alirudisha mkonga mahali pake, na kabla ya kuinuka aliubonyeza mara mbili kwa kiganja, kuhakikisha umekaa.